Siku 28 za Zege

Nguzo ya zege ikishafunguliwa mbao, mimi niliyekaa kwenye maabara ya vifaa vya ujenzi kwa miaka mingi na kibarua aliyeanza kazi jana tunaona kitu kimoja: rangi ya kijivu. Iliyopewa saruji ya kutosha na iliyonyimwa zinasimama pamoja, zimenyooka, zimetulia. Uziguse, uzitazame kwa jua la asubuhi au la jioni, hazitakwambia ipi ni ipi.

Wazee wa pwani hawakuwa na taabu hiyo kwenye miti yao. Mkoko uliokatwa Lamu au kwenye delta ya Rufiji ulipangwa kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Kila jina lilikuwa daraja, na kila daraja lilikuwa na kazi yake. Fundi aliushika mti, akautazama ulivyonyooka, akajua utabeba nini. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti iliyoweza kubeba dari nzito ya mawe na chokaa. Mti ulikuja na nguvu zake kutoka kwenye matope ya bahari. Zege halina nguvu za kuja nazo. Nguvu zake hutengenezwa pale pale saiti, na hakuna jicho linaloziona zikitengenezwa. Kwa hiyo linahitaji shahidi, na shahidi huyo ni kipande kidogo cha mchemraba, ambacho mafundi hukiita kyubu.

Kabla ya kufika kwake, niondoe kosa moja linaloanzia dukani. Mfuko wa saruji umeandikwa 32.5 au 42.5, na mwenye nyumba huamini kwamba akinunua 42.5, zege lake litakuwa na nguvu hiyo. Sivyo. Namba ile ni jibu la jaribio la saruji yenyewe: sehemu 1 ya saruji, sehemu 3 za mchanga maalumu na nusu sehemu ya maji, kwa uzito, hutengenezwa vipande vya milimita 40 kwa 40 kwa 160, vikalala majini siku 28, kisha vikabanwa mpaka vivunjike. Saruji ya 42.5 ni ile iliyohimili angalau nyutani 42.5 kwa kila milimita ya mraba katika mchanganyiko huo. Herufi inayofuata nayo ina maana yake: R ni saruji inayopata nguvu mapema, N ni ya mwendo wa kawaida. Mfuko umeshasema yote unayoyajua. Haujui mchanga wa lori lako, maji ya pipa lako, wala mkono wa anayechanganya.

Sasa zege. Mhandisi akiandika daraja la 25 kwenye mchoro, hataki wastani wa 25. Anataka katika michemraba 100, isizidi 5 itakayoanguka chini ya 25. Maana yake anayechanganya hana budi kulenga juu zaidi, na kadiri kazi yake inavyoyumba ndivyo anavyolazimika kulenga juu. Saiti inayopima mchanga na kokoto kwa boksi lenye ukubwa unaojulikana, na maji kwa ndoo iliyotiwa alama, inaweza kulenga 30 ikawa salama. Saiti ya kukadiria kwa koleo inahitaji 35 kufika mahali pale pale, na hizo 5 za ziada hulipwa kwa mifuko ya saruji. Kwenye michoro ya siku hizi utakuta pia C25/30. Namba ya kwanza ni ya kipande cha silinda, ya pili ni ya mchemraba, na zege ni lile lile moja. Nimewahi kuona mkandarasi na msimamizi wakikosana siku nzima kwa kutojua hilo.

Mchemraba hutengenezwa hivi. Zege huchotwa wakati linamwagwa, kutoka sehemu mbalimbali za mchanganyiko. Hutiwa kwenye kalibu ya chuma yenye upande wa milimita 150, kwa tabaka 3, na kila tabaka hushindiliwa kwa fimbo angalau mara 35. Kesho yake kipande hutolewa kwenye kalibu, kikaandikwa tarehe na jina la nguzo au slabu kilikotoka, kikazamishwa kwenye tangi la maji. Vichache huvunjwa siku ya 7, vilivyobaki siku ya 28. Kipande chenyewe kina uzito wa kilo 8 hivi, unaweza kukibeba kwapani. Ili kiitwe 25 lazima kihimili mzigo wa takriban tani 57.

Mashine hupandisha mzigo polepole, na kwa mwendo wa kawaida mchemraba wa namna hiyo hudumu sekunde 40 hivi kabla ya kukubali. Ukivunjika ipasavyo, pande zake 4 hubanduka, katikati ikabaki kama piramidi 2 zilizogusana ncha. Ukipasuka upande mmoja tu, mimi siyaamini matokeo hata kama namba ni nzuri: ama kalibu ilikuwa imepinda, ama kipande kiliwekwa mshazari.

Hapa ndipo lugha yetu inapotupotosha kidogo. Tunasema zege limekauka, na neno hilo limeua nguvu za nguzo nyingi. Tope hukauka. Zege hukomaa kwa kunywa: saruji hushikana na maji, ikaota fuwele nyembamba zinazofungamana na kuukamata mchanga na kokoto. Maji yakiondoka mapema, kazi hiyo husimama njiani. Ndiyo maana mchemraba hulazwa majini siku zote 28 na hutoka mgumu kuliko ulivyoingia. Nguzo yake je? Imesimama juani, upepo wa mchana unaipitia, na kibarua wa kumwagilia ameondolewa ili kupunguza gharama. Mchemraba na nguzo ni mapacha waliozaliwa kwa zege moja, wakalelewa nyumba mbili: mmoja kisimani, mwingine jangwani. Kisha tunampima wa kisimani na kuandika majibu kwa jina la nduguye.

Nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelishika kwa mikono yangu. Tuliletewa maabara michemraba ya jengo moja, kila seti ikiwa nzuri kuliko iliyotangulia. Baadaye, kwa shaka ya mhandisi, tukaenda kukata vipande vya silinda kutoka kwenye nguzo zenyewe. Kimoja kilitoka na matundu ninayoweza kuingiza kidole. Michemraba haikuwa imedanganya. Ilishindiliwa kama inavyotakiwa, lakini zege la nguzo lilimwagwa kutoka juu na kuachwa lijitafutie njia kati ya nondo, bila vaibreta. Kila asilimia 1 ya hewa inayobaki ndani ya zege hupunguza nguvu zake kwa asilimia 5 hivi, na matundu kama yale huzibwa kwa niru siku ya pili, yasionekane tena na mtu yeyote.

Adui mkubwa kuliko wote, hata hivyo, ni ndoo. Mwaka 1918 mtafiti wa Marekani, Duff Abrams, alichapisha matokeo ya majaribio yake ya miaka kadhaa huko Chicago. Aligundua kwamba vifaa vikiwa vizuri na zege likishindiliwa sawasawa, kinachoamua nguvu zake kuliko kingine chochote ni uwiano wa maji na saruji. Mfuko wa kilo 50 ukipewa lita 25 za maji, uwiano ni 0.5, na hapo zege la kubeba ghorofa linapatikana. Zege hilo ni zito, linachosha mkono na halitiririki. Kibarua anayelisukuma kwa toroli tangu alfajiri anaongeza ndoo ndogo ya lita 10, uwiano unakuwa 0.7, zege linateleza vizuri, na karibu theluthi ya nguvu imekwenda. Maji ambayo saruji haikuyahitaji hukaa ndani, kisha huondoka na kuacha vijitundu visivyohesabika. Simlaumu kibarua, hakuna aliyemwambia. Namlaumu anayesimama pembeni na karatasi mkononi akaiona ndoo ikimiminwa.

Ndoo hiyo ina kipimo chake, na hakihitaji umeme wala maabara. Ni koni ya bati yenye kimo cha milimita 300, upana wa 200 chini na 100 juu. Hujazwa zege kwa tabaka 3, kila moja ikapigwa fimbo mara 25, kisha koni huinuliwa taratibu, na mtu hupima zege limeshuka kiasi gani. Likishuka milimita 60 asubuhi na 150 saa nane mchana kwa mchanganyiko ule ule, na hakuna dawa ya kulainisha iliyotiwa, tafuteni maji yaliyoongezwa. Ni dakika chache tu, kabla nguzo haijajazwa, wakati kosa bado linaweza kurudishwa kwenye toroli.

Mchemraba hauna faida hiyo, na huu ndio udhaifu wake mkubwa. Jibu lake kamili huja baada ya wiki 4. Mjenzi mwenye haraka, katika wiki hizo 4, ameshamwaga slabu inayofuata na kuanza nguzo za juu yake. Jibu likija baya, linakuta tani nyingi zimekaa juu ya nguzo iliyofeli. Kwa hiyo siku ya 7 isidharauliwe. Kwa saruji ya kawaida, mchemraba hufikisha wakati huo karibu theluthi mbili ya nguvu zake za siku 28. Ukitaka 25 na siku ya 7 ukapata 11, usingoje wiki nyingine 3 kwa matumaini. Simamisha kazi.

Shaka ikiingia baada ya hapo, zipo njia. Nyundo ya Schmidt, iliyobuniwa Uswisi na Ernst Schmidt, hugonga uso wa zege na kusoma inavyodunda. Inafaa kulinganisha nguzo na nguzo, lakini inaisoma ngozi tu, haifiki moyoni. Kukata silinda ndiko kunakosema kweli, ingawa kunaijeruhi nguzo. Kanuni za zege za Marekani zinalikubali zege la jengo ikiwa wastani wa silinda 3 zilizokatwa umefika asilimia 85 ya nguvu iliyotakiwa, na hakuna hata moja iliyo chini ya asilimia 75. Wataalamu, basi, wanakiri kwa maandishi kwamba kilichomo ndani ya jengo huwa dhaifu kuliko sampuli ya majini, na wameweka ukomo wa udhaifu huo.

Jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam liliporomoka Machi 29, 2013 na kuua watu zaidi ya 30. Huruma, Nairobi, ilifuata Aprili 2016, na Kariakoo Novemba 2024. Kila tukio lina mazingira na uchunguzi wake, na siyachanganyi. Lakini familia zilizofiwa zina haki ya kuuliza zege lilipimwa na nani, lini, na karatasi ziko wapi.

Nondo ni rahisi zaidi, kwani mwenye nyumba anaweza kuipima mwenyewe kwa mizani ya dukani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 hukaribia kilo 10.7. Ya milimita 16, kwa urefu huo huo, hukaribia kilo 19. Ukiuziwa ya 12 ikawa kilo 9, umepewa chuma cha milimita 11, na asilimia 16 ya nguvu uliyolipia haimo. Irudishe.

Wewe unayejenga ghorofa, au unayetaka kununua chumba ndani yake, dai karatasi za michemraba. Kila karatasi iwe na tarehe ya kumwaga, jina la nguzo au slabu, na matokeo ya siku ya 7 na ya 28. Kisha, siku ya 3 baada ya zege kumwagwa, pita saiti saa nane mchana bila kuaga, ulishike gunia lililofungwa kwenye nguzo ili kuitunzia maji. Lazima liwe limelowa.