Roboti za Kufagia na Kupiga Deki: Ipi Yafaa Nyumba ya Muislamu?



 

Juma lililopita, baada ya darsa ya alasiri, bi mkubwa mmoja wa mtaani petu alitungoja barazani akiwa na simu mkononi. Wanawe walioko Dubai wamemtumia picha za mashine nne, wakimtaka achague moja wamnunulie. Ni zile roboti zizungukazo nyumba zenyewe, zikafyonza vumbi na kupiga deki. Magoti yake yamechoka, na mgongo haumruhusu tena kuinamia tambara. "Sheikhe," alituuliza, "mjukuu wangu bado hajajua choo. Mashine hii ikipita penye mkojo wake, nyumba yangu itakuwa twahara au itakuwa najisi yote?"

Tulicheka naye kidogo, kisha tukanyamaza, kwani swali lilikuwa zito kuliko tulivyodhani. Tulimwomba atupe siku chache. Tukasoma sifa za mashine zenyewe, tukarejea vitabu vya fiqhi, na tukaenda kuitazama moja ikifanya kazi katika nyumba ya rafiki yetu Nyali. Haya tuyaandikayo ndiyo tuliyoyapata, tukitaraji yatawafaa na akina mama wengine wenye wana walioko ng'ambo.

Mashine hizi ni nini

Roboti ya kufagia si jambo la jana. Kampuni ya Electrolux ya Uswidi iliuza yake ya mwanzo mwaka 2001, na mwaka uliofuata kampuni ya iRobot ya Marekani ikatoa Roomba, jina ambalo wengi hulitumia hata kwa mashine za makampuni mengine. Za mwanzo zilitangatanga ovyo, zikigonga kiti na kugeuka. Za leo huchora ramani ya nyumba kwa miale ya leza, zikajua chumba hiki ni cha kulala na hiki ni jiko. Zimalizapo kazi hurudi kwenye kituo chao, kijisanduku kikubwa kilichochomekwa ukutani. Hapo hujichaji, humwaga vumbi mfukoni, na huosha na kukausha matambara yao ya deki. Kazi ya mwanadamu hubaki kujaza maji safi, kumwaga maji machafu, na kubadilisha mfuko wa vumbi kila baada ya majuma kadhaa.

Nne alizotumiwa bi mkubwa

Ya kwanza ni Roborock S8 MaxV Ultra, iliyotoka mwaka 2024. Nguvu yake ya kufyonza ni paskali 10,000. Tambara lake kuu ni bapa, na hutetema hadi mara 4,000 kwa dakika, kama mkono unaosugua. Ifikapo kwenye zulia hulinyanyua tambara hilo milimita 20 ili lisiloweshe. Kituo chake huliosha kwa maji ya moto ya nyuzi 60.

Ya pili ni Dreame X50 Ultra, ya mwaka 2025, yenye paskali 20,000. Hii ina matambara mawili ya duara yazungukayo, na moja hujinyoosha nje ili kufika pembeni mwa ukuta. Inaweza kuyaacha matambara kituoni ikaenda kufyonza mazulia bila unyevu wowote. Sifa yake kubwa ni kuwa ina vijiguu vya kuivusha vizingiti: sentimita 4.2 kwa kizingiti kimoja, na hadi sentimita sita kikiwa cha ngazi mbili.

Ya tatu ni Ecovacs Deebot X8 Pro Omni, nayo ya 2025, yenye paskali 18,000. Badala ya tambara ina gurudumu refu la kitambaa, ambalo hurushiwa maji safi na kukwanguliwa uchafu papo hapo linapozunguka. Kwa hivyo haliburuti uchafu wa sebuleni hadi chumbani kama lifanyavyo tambara bapa.

Ya nne ni ya bei nafuu zaidi kuliko wenzake, Roborock Qrevo S. Nguvu yake ni paskali 7,000, ina matambara mawili yazungukayo, na kituo chake huyaosha na kuyakausha. Inazo sifa chache kuliko zile tatu, lakini ina jambo moja ambalo zile hazina, nalo ni kutokuwa na kamera. Hutegemea leza kujiongoza. Jambo hili tutalirejea.

Msomaji asibabaishwe na hesabu za paskali. Nguvu nyingi hufaa kwenye mazulia mazito. Sisi wa pwani wengi wetu sakafu zetu ni za vigae, marumaru au saruji, na mchanga wa juu ya kigae hauhitaji paskali 20,000 kuondoka. La kutazama zaidi ni vizingiti. Nyumba za kale za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa zina vizingiti virefu ambavyo hata ile yenye vijiguu huenda isivipande. Wala hakuna hata moja kati ya hizi nne ipandayo ngazi. Mwenye ghorofa mbili atalazimika kuibeba, au aridhike kuitumia ghorofa moja. Na mikeka myepesi na miswala yenye shada ikunjwe kwanza, kwani nyuzi hunasa kwenye brashi.

Swali la twahara

Sasa twalijibu swali la bi mkubwa, kwa mujibu wa madhehebu ya Imam Shafi'i yanayofuatwa na wengi wetu hapa pwani.

Usafi na twahara ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Sakafu yaweza kung'ara na kunukia na bado ikawa na najisi. Roboti inajua vumbi na unyevu, haijui najisi. Na maji iliyobeba tumboni ni machache, hayajazi kikombe, na hata ya kituoni ni lita nne tu au karibu yake. Haya ni maji machache katika istilahi ya mafakihi, yaani hayakufika qullatayn. Maji machache yakiingiwa na najisi hunajisika, hata kama hayakubadilika rangi, ladha wala harufu. Kwa hiyo tambara bichi likipita juu ya mkojo halikuutwaharisha, bali limeutandaza. Hata lile gurudumu la kujiosha hatuwezi kulitegemea kwa hilo, kwani kabla halijakwanguliwa limekwisha kugusa mbele na nyuma.

Njia ya kutwaharisha ni nyepesi, na tumefunzwa na Mtume (s.a.w.) mwenyewe. Katika kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim, bedui alipokojoa msikitini, Mtume aliwazuia sahaba wasimkaripie, akaamrisha ndoo ya maji imwagwe mahali pale. Basi mama afanye hivi: auondoe mkojo kwa kitambaa mpaka pawe pakavu, kisha amwage maji safi yakaenea mahali pote palipoguswa, kisha apanguze. Hapo pamekwisha kutwaharika, na roboti ipite itakavyo. Mtoto mchanga wa kiume asiyekula chochote ila maziwa, na hajatimiza miaka miwili, mkojo wake umepewa wepesi: hutosha kunyunyiziwa maji yakaenea mahali pake, baada ya kuondoshwa ulowevu wake.

Na iwapo roboti imekwisha kupita juu ya najisi kabla hamjajua? Mahali mlipoyakinisha kuwa imepita na ubichi huo, mwageni maji. Tambara lifueni kwa mkono chini ya bomba, na maji yaliyobaki ndani myamwage. Lakini msiingie katika wasiwasi. Kanuni ya fiqhi ni kuwa yakini haiondoshwi na shaka. Asili ya sakafu ni twahara mpaka ithibiti kinyume chake. Asiyeona kitu asijitwishe mzigo wa kudhani. Tena mswala safi ukitandikwa juu ya sakafu kavu, swala ni sahihi.

Nasaha yetu basi ni kuwa chumba anamolala mtoto asiyejua choo kizuiwe kwenye ramani, na mashine zote nne zina uwezo huo. Chumba hicho mkipige deki wenyewe, au mkikague kwanza.

Jicho ndani ya nyumba

Jambo la pili bi mkubwa hakutuuliza, bali sisi ndio tulilileta, kwani ndilo lililotutia hofu zaidi. Mashine tatu za mwanzo zina kamera, ili zitambue viatu na waya njiani, na kwa baadhi yake mwenye nyumba aweza kutazama sebule yake akiwa mbali. Allah ametuamrisha katika Suratun Nur tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Ndani ya nyumba mwanamke huvua mtandio na buibui, na hunyonyesha. Je, tumempa nani idhini ya kuingia na jicho lake?

Hofu hii haikosi msingi. Mwishoni mwa 2022 jarida la MIT Technology Review lilifichua kuwa picha zilizopigwa na Roomba za majaribio, mojawapo ya mwanamke akiwa chooni, zilivuja mitandaoni kupitia vibarua waliolipwa kuzichambua. Kampuni ilieleza kuwa waliokuwa na mashine hizo walikuwa wamekubali kushiriki katika majaribio, lakini hatudhani kuna aliyekubali aibu ile. Na mwaka 2024, nchini Marekani, wahalifu wa mitandao waliziteka roboti za Ecovacs Deebot X2 katika nyumba kadhaa na kuwatukana wenyeji kupitia spika zake.

Hatusemi kuwa kila yenye kamera ni haramu. Simu zetu zina kamera pia. Lakini simu haitembei yenyewe hadi mlangoni pa chumba cha kulala. Kwa sababu hii sisi twaipendelea ile ya nne isiyo na kamera. Aliye na yenye kamera azime utazamaji wa mbali, aweke neno la siri gumu, aifanyishe kazi wakati watu wa nyumbani wamejisitiri au wametoka, na avizuie vyumba vya kulala na vya kuogea.

Bei na ununuzi

Roborock S8 MaxV Ultra ilipotoka ilitangazwa Marekani kwa dola 1,800, na Dreame X50 Ultra kwa dola 1,700. Hizo ni zaidi ya shilingi laki mbili, kabla ya usafiri na ushuru. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani hapa Mombasa kilichowekwa mwaka 2024 kilikuwa kidogo zaidi ya shilingi 16,000 kwa mwezi. Mashine moja basi ni mshahara wa zaidi ya mwaka mzima.

Twataja hili kwa makusudi. Ikiwa kuinunua ni kumfukuza binti aliyewatumikia miaka kumi na analisha wazazi wake kwa kazi hiyo, tazameni tena. Mashine haitandiki kitanda, haioshi vyombo, wala haimwogeshi bibi mgonjwa. Yaweza kumpunguzia binti huyo kuinama, naye akabaki na riziki yake. Na ikiwa kuinunua ni kukopa kwa riba, basi ufagio wa chelewa una baraka zaidi.

Anayeletewa kutoka nje aangalie mambo mawili. Umeme wetu ni volti 240, na wa Marekani ni volti 120, hivyo kituo kilichotengenezwa kwa soko la Marekani chaweza kuungua. Za Dubai na Uingereza zina umeme wa namna yetu na plagi ya meno matatu kama yetu. Pili, mashine zilizotengenezwa kwa soko la ndani la China mara nyingi hazikubali kuungana na programu ya simu ya nchi nyingine. Pia ulizeni upatikanaji wa mifuko, brashi na matambara. Kampuni ya iRobot yenyewe, mama wa Roomba, iliomba hifadhi ya kufilisika Desemba 2025, na hilo ni funzo kuwa jina kubwa si dhamana ya kudumu. Na msitie jiki ndani ya tangi, kwani watengenezaji wameikataza.

Tulimrudia bi mkubwa Ijumaa na majibu yetu. Alitusikiliza, kisha akatuuliza, "Ile isiyo na jicho ndiyo rahisi kuliko zote?" Tukamwambia naam. "Basi hiyo," akasema, "na zilizosalia waniletee mimi nauli ya Umra." Mkwewe aliyekuwa akituandalia kahawa aliinamisha uso akicheka, na binti wa kazi akauliza kama atafunzwa kuiwasha.

Nasi twawakumbusha akina baba: Bi Aisha (r.a.) alisimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani kwake. Asiye na uwezo wa roboti ana mikono miwili, na ufagio upo nyuma ya mlango.

Allah azijaalie nyumba zetu twahara, sitara na utulivu. Wabillahi tawfiq.