Bwawa la Rangi ya Tui

Sogeeni karibu, wanangu. Nataka kuwasimulia habari za bwawa lililougua kwa kunyweshwa dawa nyingi.

Lilikuwa bwawa la kuogelea la nyumbani kwa Shangazi, Mbezi Beach, Dar es Salaam. Ulikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea, nami nilikuwa na miaka 11. Mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, ikaingiza vumbi na majani majini. Ilipokatika, maji yaliyokuwa yakimeta kama kioo yalikuwa meupe kama tui la pili. Nilikanyaga ngazi ya kwanza, nikaviona vidole vya miguu yangu. Ngazi ya pili sikuviona tena.

Kijana aliyelitunza bwawa lile alihangaika kwa moyo wake wote. Kila jioni alimwaga bakuli zima la unga wa klorini. Asubuhi anakuta weupe umezidi, jioni anaongeza bakuli jingine. Siku ya tano Shangazi akampigia simu Mjomba, aliyekuwa akitunza mabwawa ya hoteli.

Mjomba alifika bila dawa yoyote. Alibeba kisanduku kidogo cha plastiki tu.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna aliyeingia humu leo?"

"Hapana."

"Basi asiingie mtu."

Akatoa sarafu ya shilingi 200 mfukoni, akaitupa upande wa kina kirefu. Ilipotea machoni kabla haijazama hata urefu wa mkono. Akanitazama. "Umeona? Sasa fikiria ni mtoto amezama pale chini, na mama yake amesimama hapa ukingoni, anatazama." Hakuongeza neno. Miaka imepita mingi, na mpaka leo siingii katika bwawa ambalo sioni sakafu yake, wala simruhusu mtoto yeyote aingie.

Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono mpaka kiwiko na kuteka maji ya ndani. Maji ya juu hupigwa na jua na kuchafuliwa na vumbi, hayasemi ukweli wa bwawa zima. Kisanduku kilikuwa na vijichupa viwili vya kioo, kimoja cha kupimia klorini na kingine cha kupimia pH. Kidonge cha klorini kikiyeyuka, maji hugeuka ya waridi. Rangi ikikolea, klorini ni nyingi. Mjomba alitia kidonge. Kwa kufumba na kufumbua nikaona uwaridi ukipita kama moshi, halafu maji yakarudi meupe.

"Hamna klorini!" nikasema.

"Ngoja kwanza." Akachukua maji kidogo sana ya bwawa, akayachanganya na maji mengi ya chupa ya kunywa, akapima tena. Safari hii uwaridi ulikolea kweli kweli. Klorini ilikuwa nyingi mno kiasi cha kuifuta rangi ya kipimo chenyewe, kama inavyofuta rangi ya kanga ukiimwagia. Kumbe yule kijana, hata kama angepima juujuu tu, angeona weupe ule ule na kuongeza bakuli la sita.

Kipimo cha pH nacho kilitoa zambarau, rangi ambayo haikuwa hata kwenye kadi ya kulinganishia rangi. Mjomba akatikisa kichwa. Klorini ikizidi huvuruga rangi hiyo pia. Akasema tusubiri, tuache jua lifanye kazi, maana jua hula klorini.

Nilikasirika, nawaambia kweli. Nilitaka kuogelea. Lakini nikakumbuka jinsi zamani homa yoyote ilivyoitwa malaria na mtu akameza dawa, wakati siku hizi ukifika zahanati wanakutoboa kidole kwanza.

Alirudi baada ya siku tatu. Klorini ilikuwa imeshuka hadi miligramu 3 kwa lita, na bwawa la nyumbani linatosheka na 1 mpaka 3. Sasa pH ikasomeka vizuri: 8.2.

Hapo ndipo penye siri yenyewe, kwa hiyo nisikilizeni. Kipimo cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen, mkemia wa Denmaki aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen. Kinaonyesha kama maji yameelemea upande wa ndimu au upande wa magadi. Namba 7 ni katikati. Ukishuka ni kuelekea ndimu, ukipanda ni kuelekea magadi, na kila hatua moja ni mara kumi ya iliyotangulia. Bwawa hutakiwa kuwa kati ya 7.2 na 7.8.

Ikipanda kupita hapo, mambo mawili hutokea. Kwanza, klorini hulegea. Ndani ya maji klorini hugawanyika sehemu mbili: moja kali inayoua vijidudu upesi, nyingine mvivu. Kwenye pH ya 7.5 zinakaribia kuwa nusu kwa nusu. Kwenye 8, ile kali hubaki kama robo tu. Unamwaga bakuli zima, nayo robo yake ndiyo inayofanya kazi.

Jambo la pili ndilo lililonishangaza mimi. Mmewahi kuchungulia ndani ya birika la zamani? Kuna utando mweupe, mgumu kama ganda la yai. Ile ni chokaa iliyokuwa imeyeyuka majini bila kuonekana. Maji ya kisima ya Shangazi yalikuwa nayo tayari, na ule unga wa klorini nao una kalsiamu ndani yake na huvuta maji kwenda upande wa magadi. pH ilipopanda, chokaa ilishindwa kubaki imeyeyuka, ikajitenga ikawa vumbi laini linaloelea. Lile tui lililozidi kila asubuhi halikuwa tope la mvua. Tope lilikuwa kidogo, na bakuli la kwanza labda lilistahili. Weupe uliobaki ulitoka ndani ya mabakuli yaliyofuata.

Jirani alishauri shabu, ile ile wanayotumia bibi zetu kutuliza maji ya mtungi. Shabu ni dawa nzuri: hukusanya chembe zikawa mabonge, yakazama. Ila Mjomba alisema pH ikiwa bado juu, chokaa nyingine itaendelea kujitenga, utafagia huku inamwagika.

Akatumia tindikali. Alijaza maji kwenye ndoo kwanza, ndipo akatia nusu lita ya tindikali juu yake. Kamwe usifanye kinyume, hurukia usoni. Akaimimina taratibu pampu ikizunguka, asubuhi na jioni, kwa siku mbili, akipima kila mara. Tindikali na klorini aliziweka vyumba tofauti kabisa, kwa sababu zikikutana hutoa gesi inayochoma mapafu. Hii ni kazi ya mtu mzima, wanangu. Kazi yenu ni kupima na kupiga hesabu.

Na hesabu ndiyo hii. Urefu wa bwawa mita 8, upana 4, kina cha wastani 1.5: mita za ujazo 48. Miligramu 1 kwa lita ni gramu 1 kwa mita ya ujazo. Ukitaka kuongeza 2, unahitaji gramu 96 za klorini halisi. Unga ukiwa na nguvu ya asilimia 65, pima gramu kama 150. Bakuli la yule kijana lilibeba karibu kilo nzima.

Wala si yeye peke yake aliyekosea dawa. Kwenye Olimpiki ya Rio mwaka 2016, lita 80 za haidrojeni peroksaidi zilimwagwa majini, nayo huiua klorini. Siku chache baadaye bwawa la kupiga mbizi likawa kijani mbele ya dunia nzima.

Pampu ilizunguka usiku na mchana. Geji ya chujio la mchanga ilipopanda, Mjomba aliyarudisha maji kinyumenyume kuusafisha mchanga, na kwenye kidirisha cha bomba nikayaona yakitoka meupe, meupe, kisha hafifu, kisha safi.

Asubuhi ya siku ya nne tangu Mjomba aanze kutia tindikali, nilikimbia ukingoni hata uso sijanawa. Chini kabisa, upande wa kina kirefu, shilingi 200 ilikuwa imelala inang'aa.

"Mjomba, naiona! Niingie niichukue?"

"Leta kisanduku," akasema. "Leo unapima wewe."