Sofapaka: Batoto ba Mungu waliotua Machakos

Mashabiki wa Masinga, eneo linalojulikana zaidi kwa bwawa la umeme lililokamilishwa mwaka 1981 katika Mto Tana, walipata klabu ya Ligi Kuu ya kushangilia katika kaunti yao Sofapaka ilipoanza kuchezea mechi za nyumbani katika uwanja wa Kenyatta mjini Machakos. Uwanja huo ulikarabatiwa enzi za gavana Alfred Mutua.

Sofapaka, hata hivyo, si zao la Machakos. Ilichipuka Nairobi kama timu ya kanisa, chini ya Elly Kalekwa, mfanyabiashara mzaliwa wa Kongo. Ndiyo sababu inaitwa Batoto ba Mungu, jina lenye ladha ya Kiswahili cha huko kwao.

Mwaka 2007 ilinyakua kombe la taifa kabla hata haijapanda Ligi Kuu. Kivumbi halisi kilitifuka mwaka 2009. Ikiwa ndio kwanza imepandishwa ngazi, vijana wa mkufunzi Robert Matano waliwapiga kumbo vigogo wote na kutwaa ubingwa. Gor Mahia, yenye mashabiki tele, wakati huo ilikuwa haijaonja taji hilo tangu mwaka 1995.

Kombe la taifa lilirudi mikononi mwao mwaka 2010 na 2014. Ligi, la. Mwaka 2017 walimaliza wa pili nyuma ya Gor Mahia, na taji la 2009 limebaki la pekee.