Kwa Nini Hiace Inapiga Starta Lakini Haiwaki

Msomaji mmoja wa Morogoro, mwenye Toyota Hiace ya abiria, ameleta swali ambalo mafundi wanalijua vizuri. Asubuhi starta ilizungusha injini kwa nguvu, lakini injini haikushika. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili akailaumu pampu ya mafuta, ikanunuliwa nyingine. Gari likabaki palepale, na muda wote huo kitaa chekundu kwenye dashibodi kilikuwa kinamweka hata ufunguo ukiwa ndani ya swichi. Je, fundi wa tatu atafutwe wa nini?

Kitaa hicho ndicho cha kuanzia. Ni cha imobilaiza, mfumo unaozuia injini kuwaka mpaka gari liutambue ufunguo wake. Kwenye Toyota, kikizimika mara ufunguo unapoingia, utambuzi umefanikiwa. Kikiendelea kumweka, kompyuta ya injini imegoma kuruhusu mafuta na cheche, na hakuna plagi wala pampu mpya itakayoibembeleza. Volkswagen Transporter yenye kasoro hiyo huwaka na kuzima baada ya sekunde moja au mbili. Baadhi ya Ford Transit hazizungushi starta kabisa. Ugonjwa ni uleule.

Ndani ya plastiki ya kichwa cha ufunguo kuna kipande cheusi chenye umbo la kabari, urefu milimita 12, upana 6, unene 3. Hakina betri. Ile betri bapa ambayo watu hubadilisha ni ya rimoti ya milango. Ikiisha, milango itagoma kusikia kibonyezo, lakini kipande hiki hakitegemei chochote kutoka kwake. Kinalala bila umeme mpaka kifike kwenye swichi.

Kinachotokea hapo ni kizuri mno kukipita haraka. Kuzunguka tundu la swichi, chini ya kava la usukani, kuna pete yenye waya mwembamba wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Gari hupitisha kwenye waya huo umeme unaokwenda na kurudi kiasi cha mara 125,000 kwa sekunde. Umeme wa namna hiyo huzaa usumaku unaobadilika, na usumaku unaobadilika ukipenya koili nyingine huzaa umeme ndani yake, kama Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Kile kipande cheusi kina koili yake ndogo. Kinavuna nishati hiyo, kinajaza kapasita, na kabla dereva hajamaliza kuzungusha mkono, chipu imeamka. Gari limeulisha ufunguo kupitia hewa, umbali wa sentimita chache tu, ili liweze kuuhoji.

Mahojiano yenyewe ni kitendawili. Gari linasema “Kitendawili!” na ufunguo, ambao sasa una nguvu, unaitika “Tega!” Gari linatega namba ndefu isiyotabirika. Ufunguo unaipokea, unaichanganya kihesabu na siri uliyofundishwa, kisha unatoa jibu. Gari nalo linaijua siri ileile. Limekwisha kupiga hesabu yake na linasubiri kulinganisha. Siri yenyewe haitamkwi hata mara moja. Mwizi aliyenasa mazungumzo yote ya jana ana kitendawili cha jana na jibu la jana, na leo kitategwa kingine. Barazani, aliyeshindwa hutoa mji, akataja Tabora au Lamu, kisha akateguliwa. Gari halipokei mji. Jibu likikosewa, au lisiposikika, linafunga injini bila kumtegulia mtu.

Katika chipu moja ya Texas Instruments iliyotumiwa na Ford, jibu lilikuwa na biti 24, maana yake majibu yanayowezekana ni 16,777,216. Siri yake ilikuwa na biti 40, na mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na RSA Laboratories waliifumbua, wakawasha Ford Escape kwa kifaa kilichoiga chipu. Watengenezaji wakarefusha siri. Chipu za zamani zaidi hazitegewi chochote, hutaja namba moja isiyobadilika.

Pamoja na nyufa hizo, kinga hii imefanya kazi kubwa. Umoja wa Ulaya uliilazimisha kwa magari mapya kufikia mwaka 1998. Wachumi Jan van Ours na Ben Vollaard walipochambua takwimu za Uholanzi za 1995 hadi 2008, walikadiria kuwa imobilaiza ilipunguza wizi wa magari kwa takriban asilimia 40. Marekani ilijifunza upande wa pili: kati ya magari ya Hyundai na Kia ya mwaka 2015, ni asilimia 26 tu yaliyokuwa nayo kama kifaa cha kawaida, wakati kwa kampuni nyingine ilikuwa asilimia 96. Mwaka 2022 video za kuwaonyesha vijana namna ya kuyaiba zikasambaa TikTok, na wizi ukapaa.

Sasa gari la Morogoro. Mazungumzo hayo yanaweza kukatikia kwenye ufunguo, kwenye pete, au kwenye kompyuta.

Ufunguo ndio wa kwanza kupimwa kwa sababu hauna gharama. Uondolewe kwenye mkufu wenye funguo nyingine, kwani chipu ya gari lingine ikiwa jirani, au chuma kikigusa kichwa cha ufunguo, pete husikia vurugu. Kisha ujaribiwe ufunguo wa akiba. Ukiwasha gari, mkosaji amejulikana. Kosa la kawaida hapa hufanyika kwa nia njema: ganda la ufunguo limepasuka, mwenye gari ananunua ganda jipya, saketi ya rimoti inahamishwa, na kile kipande cheusi kinaachwa ndani ya ganda kuukuu, ambalo hutupwa. Milango inafunguka, gari haliwaki.

Ufunguo wa akiba nao ukikataliwa, zifuate betri ya gari, fyuzi na pete. Betri iliyochoka huporomosha volti wakati wa kupiga starta hadi kompyuta ikapoteza fahamu. Soketi ya pete nayo hulegea au kushika kutu, hasa kwenye gari ambalo swichi yake imewahi kufunguliwa. Mashine ya kupimia huokoa muda: kwenye Toyota, msimbo wa hitilafu B2784 unaelekeza kwenye pete, B2793 kwenye chipu, na B2799 unasema kompyuta ya injini na imobilaiza haziafikiani.

Hitilafu hiyo ya mwisho huja sana baada ya kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ya mtumba kufungwa. Iwe imenunuliwa kwenye maduka ya spea ya Gerezani au ya Kirinyaga Road, boksi hiyo inaijua siri ya gari lililokatwa Japani, siyo ya gari ilimofungwa. Lazima ioanishwe upya na funguo zilizopo, kazi ya fundi mwenye mashine na programu sahihi. Hiace za dizeli za zamani zenye pampu ya kimakanika hazihusiki na mengi ya haya.

Wapo watakaojitolea kuifuta imobilaiza kabisa ili yaishe. Gari litawaka, ndiyo, lakini litamwakia yeyote mwenye bisibisi, na Hiace ni gari ambalo spea zake zina soko kila mji. Kurekebisha pete au kusajili ufunguo ni afadhali mara nyingi.

Mwenye gari la ufunguo mmoja asingoje upotee. Maadamu ufunguo uliosajiliwa upo, kuongeza wa pili ni kazi nyepesi. Funguo zote zikipotea, mara nyingi kompyuta hulazimika kung'olewa na kuandikwa upya, na bei hupanda ipasavyo. Na anayenunua Hiace iliyoshuka bandarini aombe funguo zote, aliwashe gari kwa kila mmoja, na atazame kitaa chekundu kabla ya kulipa.