Masihi na Mizizi Yake ya Kiyahudi (4): Mwana wa Nyota

Kila kesi ya Shakahola, ambako waumini walifunga hadi kufa kwa neno la mhubiri wao, inapotajwa mahakamani, wasomaji huniuliza: mtu anamwaminije mwenzake hata akubali kufa kwa neno lake? Kwangu jibu huanzia Uyahudi, mwaka 132.

Tumekwisha kuona kwamba wengi walimngoja masihi wa ukoo wa Daudi, na kwamba jamaa wa Qumran waliwangoja wawili, kuhani na mfalme. Sasa Shimoni bar Kosiba akawatimua Warumi katika sehemu kubwa ya Uyahudi, akapiga sarafu zenye sura ya hekalu lililobomolewa mwaka 70. Rabi Akiva, bingwa wa sheria wa zama zile, akamtangaza kuwa ndiye. Akaitwa Bar Kokhba, Mwana wa Nyota.

Mwaka 1960 mwanaakiolojia Yigael Yadin alizikuta barua za Bar Kokhba katika pango la Nahal Hever, karibu na Bahari ya Chumvi, zimefungwa pamoja ndani ya kiriba. Sichoki kuzisimulia. Katika moja anaagiza punda wawili wakachukue makuti ya mtende na matunda ya jamii ya limau kwa Sikukuu ya Vibanda. Mihadasi na mierebi itoke kwingine, na zaka isisahaulike. Vita vimepamba moto, naye anauliza zaka! Katika barua nyingine, iliyopatikana Murabba'at, anatishia kumtia kamanda wake pingu za miguu. Huyu hakuwa tapeli. Alimcha Mungu kwelikweli, na ndiyo maana watu walimfuata hadi kaburini.

Wakristo hawakumfuata, Masihi wao walikuwa naye tayari. Justin Mfiadini aliandika kuwa Bar Kokhba aliwaadhibu waliokataa kumkana Yesu.

Mwaka 135 ngome ya Betar ilianguka. Mwanahistoria wa Kirumi Cassius Dio anataja watu 580,000 waliouawa vitani, mbali na waliokufa kwa njaa na maradhi.

Lakini Rabi Yohanan ben Torta alikuwa amemwambia Akiva waziwazi kwamba yeye Akiva ataoza kaburini kabla mwana wa Daudi hajaja. Talmud imezihifadhi kauli zote mbili, na Akiva angali anaheshimiwa. Makanisa yetu hayana kumbukumbu ya namna hiyo. Kiongozi akisema, muumini anayeuliza huitwa mwasi. Shakahola ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Nawasihi wakuu wa vyuo vya Biblia: mfundisheni Bar Kokhba mwaka wa kwanza, pamoja na ben Torta.

Wiki ijayo tutamfuata Sabbatai Zevi wa Smyrna, aliyesilimu mbele ya Sultani mwaka 1666.