KWA NINI MAJI YA CHEMCHEMI YANAKUWA MATOPE?

Mama mupenzi, mutoto akiomba mabidoni mbili za kale kwa ajili ya masomo, usimukatalie. Anaenda kujifunza kwa macho.

Wanakata kila bidoni ubavuni, wanatia udongo. Katika ya kwanza udongo ni mutupu. Katika ya pili wanapanda majani pamoja na mizizi yake. Wanazilaza zikiinama kama mulima, midomo chini. Kisha wanamwanga kikombe kimoja cha maji juu ya kila moja, polepole, na kukinga kopo chini.

Wataona nini? Ya kwanza inatoa matope. Ya pili inatoa maji kidogo, tena safi zaidi, kwa sababu mizizi inashika udongo.

Ni vile vile kwenye chemchemi yetu. Tukichoma majani juu yake, mvua inashusha matope na mavi pale tunapochota. Ndipo watoto wanahara.

Basi, wamama, tuache majani na miti pale juu. Choo kiwe upande wa chini, metri 30 au zaidi. Na hata maji yakionekana safi, tuyachemshe: mikrobe hazionekani na macho.