Kasoro Inayotoa Pumzi: Jiwe Lenye Vitundu ndani ya Mashine ya Oksijeni

Mtoto mwenye nimonia anapowekewa mrija wa oksijeni puani, macho ya mzazi na ya muuguzi huelekea kwenye kipimo cha mtiririko. Hata hivyo, kipimo hicho hueleza wingi wa hewa inayotoka, si usafi wake. Usafi hutegemea punje za zeolaiti zilizomo ndani ya mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani.

Zeolaiti ni fuwele yenye vitundu ambavyo upana wake haufiki sehemu moja ya milioni ya milimita. Mwaka 1756, Axel Cronstedt wa Sweden aliiita kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya "jiwe linalochemka", kwani ilitoa mvuke ilipopashwa moto.

Lau fuwele hiyo ingejengwa kwa silikoni na oksijeni pekee, isingefaa kwa kazi hii. Manufaa yake yamo katika kasoro: atomu za alumini zimeshika nafasi za baadhi ya atomu za silikoni. Kila badiliko huacha chaji hasi, nayo husawazishwa na ioni, kama ya sodiamu au lithiamu. Ioni hizo huvuta nitrojeni kuliko oksijeni. Hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, ikisukumwa humo kwa shinikizo, nitrojeni hunaswa, na hewa inayopita huwa na oksijeni ya takriban asilimia 90 hadi 96. Shinikizo likishushwa, nitrojeni hutoka na kazi huanza upya.

Lakini ioni zile zile huvuta maji kwa nguvu zaidi, na maji hayatoki kwa urahisi. Unyevu ukizidi, nafasi za nitrojeni hujaa. Mashine huendelea kunguruma, mtiririko husomeka vilevile, ilhali oksijeni inapungua.

Shirika la Afya Duniani linataka usafi usishuke chini ya asilimia 82. Kwa hiyo usafi hupimwa kwa kifaa chake, mashine haiwekwi penye unyevu, na kichujio cha vumbi kikioshwa hukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Oksijeni ya mgonjwa ikishuka bila sababu dhahiri, mashine nayo ichunguzwe, na chanzo kingine kiwe tayari. Naye mzazi anayesikia kengele ya tahadhari asiizime; amwite muuguzi mara moja.